Godoro la Kitanda Namba Saba

Wodi ile ilikuwa na vitanda kumi na vinne, na Bi Povu alivijua vyote kama mama anavyowajua wanawe: kipi kimelegea goti, kipi kinalia kikiinuliwa kichwani, kipi kimeng'oka gurudumu kikaegemezwa kwenye tofali. Ilikuwa wodi ya akina mama waliojifungua kwa kupasuliwa. Kwa miaka kumi na tisa alifanya humo kazi moja tu. Mgonjwa akiondoka, yeye anaingia. Anavua shuka bila kulikung'uta, analikunja ndani kwa ndani, analitia kwenye mfuko wa nguo chafu. Kisha ndoo zake tatu: ya kwanza sabuni, ya pili maji matupu, ya tatu klorini. Anaanza kichwani anateremka miguuni, godoro juu na chini, vyuma, mkono wa kuzungushia, magurudumu, kabati dogo la pembeni. Halafu anangoja dakika kumi dawa ifanye kazi. Dakika kumi hizo hakuwa tayari kumgawia mtu hata moja. Nesi mgeni akimharakisha, alimwambia, "Mwanangu, mimi nimemaliza. Dawa ndiyo bado iko kazini."

Jina lake lenyewe lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Hilo la Bi Povu alipewa na Breki, msukuma machela, siku alipozidisha sabuni hadi povu likatoka mlangoni na kumlaki daktari kwenye korido. Breki naye aliitwa hivyo kwa sababu machela yake haikuwa nayo.

Wodi nzima ilicheka na Bi Povu. Ila ilipofika habari ya kitanda namba saba, kicheko kilimkauka.

Katika mwezi mmoja na nusu, wanawake watatu walilazwa kitanda hicho, na mishono ya wote watatu ikaoza. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa chekechea. Mshono wake ulifumuka akashonwa upya. Wa pili alihamishiwa hospitali kubwa na hakuna aliyesikia habari zake tena. Wa tatu, mama wa mapacha, alifariki Jumapili mchana, saa ya kutazama wagonjwa, mumewe akiwa bado amesimama mlangoni na chupa ya chai mkononi.

Mwanzoni Bi Povu alidhani ni yeye. Alijikagua kucha, akabadilisha matambara, akaongeza dawa mpaka macho yakamwasha. Nyumbani alikataa kumshika mtoto wa jirani. "Mikono yangu siiamini siku hizi," alisema, na jirani akacheka akidhani ni utani.

Jumapili ile, baada ya mama wa mapacha kufunikwa na kutolewa, alilipindua godoro la namba saba na kupiga magoti. Alilipapasa ukingo mzima kwa vidole, pole pole, kama anayetafuta sindano. Upande wa miguuni, pale ganda la plastiki linapokunjwa na kushonwa, aligusa mpasuko. Haukuzidi urefu wa kidole. Alibonyeza. Maji ya rangi ya kutu yakachuruzika yakamwingia kwenye glovu, yakaja na harufu ambayo aliijua vizuri mno. Ndiyo harufu iliyotoka kwenye bandeji za wale watatu.

Kumbe miaka yote alikuwa anaosha ngozi. Uozo ulikuwa ndani ya sponji: damu ya watu wengi, maji ya uzazi, jasho. Kila mgonjwa aliyelala juu yake aliukamua kwa uzito wake mwenyewe.

Alimwita Sista Mkuu, msimamizi wa wodi, mwanamke mfupi ambaye uchovu ulikuwa umemhamia hadi kwenye sauti. Sista aliinama, akanusa, akajiinua haraka.

"Nitaandika ombi la godoro jipya."

Aliandika kweli. Ombi likaenda stoo, kwa yule mtunza stoo aliyeitwa Bwana Kesho na hospitali nzima, tena hadi mbele ya uso wake. Jibu lilirudi siku hiyo hiyo: kesho. Sista akabandika plasta pana juu ya mpasuko, tabaka nne.

"Sista, tukiondoe kitanda," Bi Povu alisema.

"Nikiondoe? Jana wamelala wawili wawili kwenye vitanda vitatu, na mishono yao mibichi. Nikiondoa saba, wengine niwaweke wapi? Kichwani kwangu?"

Bi Povu hakubishana. Alifanya lililokuwa ndani ya uwezo wake: alidanganya. Jumatatu walipotaka kumlaza mtu pale, alisema kitanda hakijakauka. Jumanne hakijakauka. Jumatano akamwaga maji kwa makusudi ili kisikauke. Yeye, mtu aliyejivunia kwamba kitanda chake kinang'aa kabla mgonjwa aliyetoka hajafika getini, alianza kuonekana mzembe. Manesi walimtazama kwa jicho la pembeni. Aliyavumilia hayo kwa raha zake, maana kila siku iliyopita hakuna aliyelala juu ya lile godoro.

Alhamisi alfajiri, binti yake akaletwa.

Alikuwa kitinda mimba wake, wa mwisho kuolewa, na hii ilikuwa mimba yake ya kwanza. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake mchana, njia haifunguki. Mama mkwe wake alimleta kwa gari la kukodi, kamshika kiunoni. Saa mbili asubuhi daktari alisema mtoto amechoka, hapana budi kupasua. Aliyekuwa thieta, kwenye meza ya upasuaji, wakati huo ni mwanamke mwingine, fundi wa nguo, naye uzazi wa kwanza. Akitoka yeye, ataingia binti.

Vitanda vilivyokuwa wazi ni viwili. Namba tatu na namba saba.

"Anayetoka wa kwanza, tatu," alisema Sista Mkuu huku akivaa aproni kwenda kupokea mtoto thieta. "Wa pili, saba. Na leo, Bi Povu, sitaki kusikia habari ya kukauka."

Bi Povu alihesabu kichwani, japo hapakuwa na cha kuhesabu. Wa pili ni mwanawe.

"Sista, huyo wa pili ni binti yangu."

"Najua. Nimemwona."

"Mlaze chini. Nitamtandikia mablanketi manne, matano. Nitamkokota mwenyewe akitaka kwenda haja."

"Mtu katoka kupasuliwa tumbo alale sakafuni? Atainukaje?" Sista alimgusa bega. Mkono ulikuwa mwepesi, wenye huruma, na haukubadilisha kitu. "Kisafishe vizuri. Wewe ndiye unayejua kusafisha kuliko sisi sote."

Akaenda zake.

Bi Povu alibaki na kitanda. Alikiosha kama hajawahi kuosha kitu duniani. Alitoa plasta za zamani, akasugua kwa sabuni, akasuuza, akapaka klorini, akangoja. Hakungoja dakika kumi. Alingoja tano, akaanza upya, kwa sababu kukaa bila kufanya kitu kulimtia wazimu. Mara ya pili. Mara ya tatu. Alichukua bomba la sindano lisilo na sindano, akavuta klorini, akaisukuma ndani ya mpasuko, ndani kabisa kwenye sponji. Jasho lilimtiririka mgongoni. Wagonjwa walioamka walimtazama. Mmoja alisema, "Mama, pumzika basi," na yeye hakusikia.

Alipomaliza alikausha ukingo kwa kitambaa cheupe. Kisha akakiegemea kitanda kwa magoti na mikono yote miwili, kwa uzito wake wote, kama mtu aliyelala. Akatazama kwenye kitambaa.

Doa lilitokea, la rangi ya kutu. Likakua.

Ndipo magurudumu ya machela yakasikika kwenye korido, yakipiga kelele zao za siku zote. Breki aliingia akiisukuma kwa tumbo, maana mkono mmoja ulikuwa umeshika chupa ya maji ya mshipani. Juu ya machela kulikuwa na yule fundi wa nguo, midomo imekauka, macho nusu wazi, bado yuko mbali. Sista hakuwapo. Nesi aliyekuwa zamu alikuwa mwisho wa wodi akimdunga mtu sindano.

"Huyu wapi, Bi Povu?" Breki aliuliza.

Mara elfu baadaye alijaribu kukumbuka kama alifikiri kabla ya kujibu. Alitaka sana kukumbuka kwamba hakufikiri, kwamba ulimi ulimponyoka. Lakini alikumbuka vizuri. Alikitazama kitanda namba tatu, shuka limenyooka. Akamtazama mwanamke aliyelala kwenye machela, asiyemjua. Akakumbuka jinsi binti yake alivyomng'ang'ania kidole asubuhi ile kama alipokuwa mtoto mdogo wa kufundishwa kutembea.

"Saba," alisema.

Alitandika shuka juu ya doa, haraka, na kumsaidia Breki kumhamisha. Moja, mbili, tatu. Yule mwanamke alikuwa mwepesi. Alipoguswa na shuka alishusha pumzi, kama mtu aliyefika kwake.

Saa moja baadaye binti yake alilazwa namba tatu, na kando yake mtoto wa kiume aliyekuwa akipiga kelele za kudai haki zake. Sista Mkuu alisimama kati ya vitanda viwili, akitazama karatasi yake.

"Si nilisema wa kwanza tatu?"

"Nimechanganya, Sista," Bi Povu alijibu.

Sista alimtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha simu ikaita ofisini. "Basi. Wameshalala," alisema, akaenda kuipokea.

Siku mbili za mwanzo zilikuwa nzuri, na huo ndio uliokuwa ubaya wake. Fundi wa nguo alikuwa mtu wa maneno mengi na vicheko vifupi, akishika tumbo ili mshono usimuume. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Ndani ya pochi yake alikuja na sindano, uzi na vipande vya vitambaa, na akiwa amelala chali alishona kofia mbili ndogo, moja ya mwanawe na moja akamrushia binti wa Bi Povu kitanda namba tatu. "Shoga, mvalishe mume wa mwanangu asipate baridi!" Wodi nzima ikaangua kicheko. Binti wa Bi Povu alicheka hadi akatokwa na machozi.

Mama yake fundi, mwanamke mnene mwenye miguu mibovu, alikuja kila siku na bakuli la uji. Kila alipomwona Bi Povu akipitisha kitambaa kwenye vyuma vya namba saba, alimshukuru.

"Dada, Mungu akulipe. Sijaona hospitali mtu anasafisha kitanda cha mwanangu mara nne kwa siku. Hata mimi mamake sifanyi hivyo nyumbani."

Bi Povu alijibu, "Ni kazi yangu, dada," huku shingo ikimwaka moto.

Alikuwa ameleta kutoka nyumbani kitambaa chake cha meza cha plastiki, chenye picha za mananasi, akakitandika chini ya shuka la fundi. Alikibadilisha upande kila asubuhi. Jioni akiwa nyumbani alijisemea kwamba plastiki ile inatosha, kwamba klorini aliyosukuma ndani imefika, kwamba wako watu wengi waliolala namba saba na kwenda makwao salama. Alijikaza kisabuni. Lakini akifumba macho aliona kitambaa cheupe, na doa linakua.

Jumamosi asubuhi fundi hakuongea. Alisema anasikia baridi. Paji la uso lilikuwa la moto kama sufuria. Jumapili nesi alipofungua bandeji, Bi Povu alikuwa vitanda vinne kutoka hapo, kainama na ndoo yake. Hakuhitaji kuinua kichwa. Harufu ilimfuata pale alipo.



Jumatatu walimbadilishia dawa, na homa haikujali. Tumbo lilivimba. Mtoto wake alilia njaa, akanyonyeshwa na binti wa Bi Povu, aliyeketi ukingoni mwa kitanda namba tatu na watoto wawili, mmoja kila upande. "Mama, shoga yangu anakufa?" binti alimuuliza kwa sauti ya chini. Bi Povu alimfuta mtoto mdomo na kusema hakuna anayekufa.

Jumanne, saa nne asubuhi, Breki alikuja na machela kumrudisha fundi thieta. Mama yake alitembea kando, miguu ikimburuza, akiwa ameshika kidole gumba cha mguu wa mwanawe, kwa kuwa ndicho pekee alichoweza kukifikia. Milango ikafungwa.

Bi Povu alimpeleka binti yake getini na mtoto, maana ndiyo siku aliyoruhusiwa kutoka. Mama mkwe alikuwa amekuja na nguo mpya na vigelegele mdomoni, tayari kuvitoa. Alipoona uso wa Bi Povu aliviacha. Bi Povu alirudi wodini mbio mbio.

Alikuta nesi anavua shuka la namba saba.

"Kuna mama aliyepasuliwa alfajiri, anahamishiwa hapa sasa hivi," nesi alisema. "Pitisha dawa upesi, Bi Povu, wanakuja."

Kitambaa chenye mananasi kilikuwa kimelowa pande zote mbili.

Hakuinua ndoo. Alikwenda kwenye trei ya kunyolea wagonjwa, akachukua wembe mpya, akaufungua kwenye karatasi yake. Akarudi, akalishika lile godoro kwa mikono miwili, akalivuta kutoka kitandani, akaliburuta kati ya vitanda hadi koridoni, mahali ndugu wa wagonjwa walipokuwa wameketi kwenye mabenchi. Pale, mbele ya kila mtu, alilichana kutoka kichwani hadi miguuni.

Lilifunguka kama samaki. Ndani palikuwa peusi katikati, hudhurungi pembeni, penye utelezi. Mwanamme mmoja aliruka benchi. Mwingine aliziba pua kwa kofia yake. Mama mmoja aliyekuwa na mimba alisema, "Yesu, Mtume, mama yangu," vyote kwa pumzi moja.

"Haya ndiyo wanayolalia!" Bi Povu alipiga kelele. Hakuwahi kupaza sauti katika jengo lile. "Mnaniambia nisafishe! Nisafishe nini? Hebu njooni mnionyeshe pa kusafisha!"

Sista Mkuu alikuja akikimbia, akaona, akasimama. Alijifunika mdomo. Baada yake akaja Mganga Mkuu wa hospitali, mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni, akiuliza nani kaharibu mali ya hospitali.

"Mimi," alisema Bi Povu.

"Unajua godoro moja linapatikanaje? Unajua utaratibu?"

"Ombi nililiandika mimi," Sista Mkuu alisema. Sauti yake haikuwa ya kuchoka tena. "Lina siku tisa. Tufungue stoo, daktari. Twende wote."

Walikwenda, na ndugu wa wagonjwa wakafuata nyuma, hakuna aliyeweza kuwazuia. Bwana Kesho alipapasa funguo, akasema hili na lile. Mlango ulipofunguliwa, magodoro mapya tisa yalikuwa yamesimamishwa ukutani, yamefungwa kwenye nailoni. Yalikuwa na miezi miwili pale. Yalikuwa yanasubiri rangi ya kuandikia jina la hospitali, yasije yakaibiwa. Rangi haijafika.

Kabla ya saa saba mchana yote tisa yalikuwa wodini.

Watu walimzunguka Bi Povu. Yule mwanamme aliyeruka benchi alimshika mkono kwa mikono miwili. "Mama, wewe ni mtu. Ungekuwa na wenzako kumi kama wewe!" Breki alimpigia saluti. Kila sifa ilimwingia kama sindano, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba wembe ule ulichelewa kwa siku tano, na kwamba katika siku hizo tano alikuwa amesema neno moja.

Mganga Mkuu alimpa karatasi: akae nyumbani hadi atakapoitwa. Aliipokea kama mtu aliyeombewa ruhusa.

Fundi wa nguo hakufa. Walimsafisha tumbo, na ili wamwokoe waliondoa kizazi. Sista Mkuu ndiye aliyemletea Bi Povu habari hizo nyumbani, Ijumaa, akiwa amesimama mlangoni bila kukubali kuketi.

"Ana miaka ishirini na mitatu," Sista alisema. Kisha, akiangalia pembeni, "Bi Povu, siku ile kweli ulichanganya?"

Sista alingoja jibu, akatikisa kichwa, akaondoka.

Jumamosi, saa ya kutazama wagonjwa, Bi Povu aliingia hospitali kwa lango la wageni kwa mara ya kwanza maishani. Hakuwa na sare. Wodini alimkuta fundi amelala chali, mtoto pembeni. Amekonda, ngozi imekuwa kama karatasi. Mama yake alikuwa ameketi akikanda miguu yake mibovu.

"Dada!" mama alisema, akajaribu kuinuka. "Njoo, njoo ukae. Tumesikia. Mwanangu, huyu ndiye aliyelichana godoro. Bila yeye..."

"Dada, usinishukuru," Bi Povu alisema. "Nimekuja kusema kitu. Nikishakisema utafanya utakalo."

Alisema akiwa amesimama. Hakupamba. Alieleza habari ya mpasuko, na ya doa, na ya vitanda viwili. Alisema Sista aliamuru wa kwanza alazwe tatu. Alisema Breki aliuliza wapi, na yeye akajibu saba, kwa sababu aliyekuwa anafuata ni mwanawe.

Mkono wa mama uliokuwa ukikanda goti ulisimama.

"Ulijua?" fundi aliuliza. Sauti ilitoka kama uzi.

"Nilijua."

"Ukawa unanitandikia yale mananasi."

"Ndiyo."

Hapo mama aliinuka. Miguu ile mibovu ilimwinua kwa mara moja. "Mimi nilikuwa nakuombea! Kila nikitoka hapa nakuombea! Mwanangu hana kizazi, wewe unakuja na mikono mitupu kutuambia ulimchagua?" Alimsukuma kifuani, mara moja, mara mbili. Bi Povu hakuinua mkono. "Ondoka. Ondoka kabla sijafanya kitu ambacho sijawahi kufanya."

"Mama," fundi alisema. "Ngoja."

Alifumba macho.

"Shuka limelowa tangu asubuhi," alisema. "Nimeita, yule mpya hajaja. Linanichoma mgongo. Nibadilishie."

Bi Povu alikuwa amezuiwa kugusa kitu chochote pale. Alikwenda kabatini, akachukua shuka safi, akanawa mikono hadi kwenye viwiko. Mtu aliyepasuliwa mara mbili hageuzwi na mtu mmoja. Alisimama upande wake akangoja. Mama alisimama upande wa pili, machozi yakimtiririka, hataki. Mwishowe alishika bega la mwanawe, Bi Povu akashika nyonga, wakamgeuza pole pole. Shuka bichi likakunjwa, kavu likatandikwa. Godoro chini yake lilikuwa jipya, bado linanuka plastiki ya dukani. Bi Povu alipitisha kiganja ukingo mzima, akasikia mshono mzima, imara. Walimrudisha chali.

"Bintiyo anajua?" fundi aliuliza.

"Hajui."

"Ananitumia salamu kila siku. Anasema atakuja Jumatatu." Alivuta pumzi, uso ukakunjamana kwa maumivu. "Mwambie kabla hajaja. Sitaki aingie hapa anacheka na mimi nicheke naye."

"Nitamwambia."

"Sasa nenda."

Alimwambia jioni ile ile, kwenye nyumba ya mama mkwe, uani, mtoto akiwa ametoka kuogeshwa. Binti alisikiliza hadi mwisho. Hakulia. Alimfunga mtoto nguo, vifungo vyote, taratibu.

"Kwa hiyo mimi nimelala kitanda chake," alisema.

"Mwanangu, ungekuwa wewe..."

"Najua ningekuwa mimi." Alimweka mtoto begani. "Nimemnyonyesha mwanawe, mama. Alikuwa ananishukuru."

Akaingia ndani na kuufunga mlango, si kwa kishindo. Jumatatu alikwenda hospitali peke yake. Alichokutana nacho huko hakumsimulia mamake. Baada ya hapo alimletea mjukuu mara moja kwa mwezi, anakaa kidogo, anaondoka chai haijapoa.

Barua ya kazi ilikuja wiki tatu baadaye. Walikuwa wamemsamehe habari ya godoro, ya vitanda viwili haikutajwa, na arudi wodini kwake. Bi Povu aliisoma mara mbili, akaivaa aproni yake pale pale sebuleni, akaivua. Akaketi sakafuni na barua mapajani, hajui ajibu nini, na giza likaingia hajawasha taa.